Mlima Usiokuwemo Ndani ya Kompyuta

Ndani ya kompyuta ya kiwanda cha Hyttefors kombora lilikuwa limekwisha kurushwa mara elfu moja na mia mbili, na mara zote elfu moja na mia mbili lilikipiga kifaru. Halikukosa hata mara moja. Dokta Staffan Lindgrund, aliyeitunga programu hiyo, aliona haya kidogo kwa ukamilifu wa namna ile, akaongeza upepo wa ubavuni. Kombora likapiga. Akaongeza mvua na baridi ya Januari. Likapiga. Akaongeza ukungu mzito kiasi cha kumfanya dereva wa basi ashuke atembee kwa miguu. Likapiga. Mkuu wa idara, Göte Silfverling, akaagiza keki.

Verner Hultqvist alikula kipande chake akiwa amesimama, akapangusa vidole, akarudi mezani pake na furushi la karatasi za kompyuta. Kazi yake ilikuwa kuhakiki. Kiwandani pale hakuna hesabu iliyokwenda wizarani kabla mtu wa pili hajairudia kwa mkono wake na kutia sahihi chini, na kwa miaka kumi na tisa mtu huyo wa pili alikuwa yeye. Alikuwa ameanzia karakana, kwenye mashine ya kukereza chuma. Miaka saba alisoma masomo ya jioni katika shule ya msingi ya mjini, magoti yamebanwa na madawati ya watoto, mikono bado inanuka mafuta ya mashine. Alijifunza hesabu za mwendo wa vitu angani, akazijua barabara. Lakini chuo kikuu hakukikanyaga, kwa hiyo kibao cha mlangoni kwake kiliandikwa "Mhakiki" na basi.

Sasa, watu wa nchi ile ya kaskazini walikwisha kukubaliana zamani kuitana kwa majina ya kwanza. Mfagiaji humwita mkurugenzi kwa jina lake, na mkurugenzi humwitikia. Mgeni angedhani vyeo vimefutika. Havikufutika, vilihamia milangoni tu. Na Verner, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, alitaka neno moja mlangoni kwake kabla ya kustaafu: Mhandisi. Göte alikuwa amemwahidi.

"Ripoti hii ikipita, Verner, barua yako naiandika mwenyewe," alimwambia huku akilamba krimu kwenye uma. "Wewe tia sahihi tu. Mara elfu moja na mia mbili! Utahakiki nini hapo?"

Verner alihakiki. Hakujua namna nyingine ya kutia sahihi.

Alianza na safu ya kimo, maana wengine wote walikuwa wametazama safu ya mwisho tu, ile inayosema kombora limeanguka umbali gani kutoka kwenye kifaru. Hili lilikuwa kombora la mzinga lenye mabawa madogo na jicho la kuona joto: linapanda juu, linashuka, kisha kilomita ya mwisho linateleza chini chini, mita ishirini tu kutoka ardhini, ili adui asilione mapema. Verner alisoma namba, akatazama mahali pa shabaha. Kifaru kibovu kilichoandaliwa kwa jaribio la kweli kilikuwa kimewekwa katika uwanja wa mizinga wa jeshi, upande wa kaskazini wa mlima wa Korpberget.

Alizisoma namba mara ya pili. Kisha akaenda kwenye chumba cha kahawa, akabandua ukutani ramani ya chama cha wawindaji. Kila mwaka mwezi wa Oktoba nusu ya kiwanda hufunga ofisi na kuingia msituni kuwinda elki, yule mnyama mkubwa mwenye pembe kama makoleo, na jeshi huwaachia uwanja wake kwa wiki moja. Ramani ilijaa pini nyekundu, kila pini elki mmoja. Korpberget ilikuwa na pini tisa. Kimo chake kilikuwa kimechapwa pembeni kwa wino mweusi: mita arobaini na sita juu ya uwanja.

Alichora kwa penseli. Kombora la Dokta Staffan liliingia kwenye mwamba upande wa kusini, likasafiri ndani ya mawe mita mia tatu bila kupunguza mwendo, likatokea upande wa pili bila mkwaruzo, likakipiga kifaru katikati. Na muda wote huo jicho lake lilikuwa linakiona kifaru vizuri kabisa, kupitia mlima.

Akaenda mlango wa jirani.

"Staffan, bwana, hii ardhi yako ina kimo gani?"

Staffan alikuwa kijana wa miaka thelathini na mmoja, mwembamba, mwenye akili nyingi na sweta moja. "Sifuri," alisema.

"Kila mahali?"

"Kila mahali. Kwa muda."

"Tangu lini, kwa muda?"

Staffan alihesabu kwa vidole. "Miaka miwili na ushee. Niliomba vimo vya uwanja, Sixten wa usalama akaninyima. Vimo vya uwanja wa jeshi ni siri, na chumba cha kompyuta hakijaidhinishwa kuhifadhi siri. Mashine ni ya kukodi, fundi wao anakuja kila mwezi kuipangusa vumbi. Nikaweka sifuri nikisubiri kibali."

"Na kibali?"

"Kiko kwenye kamati."

Verner alimwekea ramani ya wawindaji mbele. Staffan aliitazama, masikio yakamwiva. Alikuwa mtu wa mjini. Hakuwahi kuwinda chochote.

"Mungu wangu," alisema. "Kumbe kuna mlima."

"Uko pale tangu barafu ya zama za kale ilipoyeyuka."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Uliuliza?"

"Niliuliza kwa fomu!"

Jumatatu walikutana. Mkutano wa kule haupigi kura na hauna ugomvi. Watu hukaa, humwaga kahawa, husema kwa zamu, na mwisho mwenyekiti huuliza, "Basi tumekubaliana?" Asiyesema neno amekubali. Ndiyo maana wengi huiogopa zamu yao kuliko daktari wa meno.

"Verner ana jambo dogo," alisema Göte.

"Ni jambo la mita arobaini na sita," alisema Verner. "Kati ya mzinga na kifaru kuna mlima. Ndani ya kompyuta haumo. Tukirusha kombora la kweli, litaupiga."

Mtu mmoja alikoroga kahawa isiyokuwa na sukari.

Sixten Brolund, mkuu wa usalama, alikohoa. Alikuwa bonge la mtu, mwenye shingo nyekundu na funguo nyingi kiunoni. "Mlima upi?" aliuliza.

"Sixten, wewe! Korpberget! Mwaka juzi ulimpiga pale dume lenye pembe za ncha kumi na mbili. Mimi ndiye niliyekusaidia kumburuta, mgongo wangu mpaka leo haujapona."

"Nilichofanya nikiwa likizoni ni kingine. Hapa niko kazini. Nakuuliza rasmi: umejuaje kwamba mahali hapo pana mlima?"

"Nimeupanda!"

"Basi usituambie kimo chake. Watu wawili humu ndani hawajaidhinishwa."

"Ramani imetundikwa ukutani kwenye chumba cha kahawa!"

"Ile ni ramani ya elki," alisema Sixten. "Si ramani ya vimo."

Göte aliinua viganja, kama anayetuliza mbwa wawili kwa pamoja. Alikuwa stadi wa kutuliza; ndicho kilichompandisha cheo. "Naona pande zote mbili zina hoja," alisema. "Verner anasema kuna mlima. Sixten anasema hatuwezi kusema kama upo. Kompyuta imesema mara elfu moja na mia mbili kwamba haujaleta shida. Tarehe ya jaribio imekwisha tangazwa wizarani. Basi tumekubaliana?"

Wote wakatazama vikombe vyao. Verner akamtazama Staffan. Staffan akatazama sweta lake.

Baada ya mkutano Göte alimshika Verner kiwiko kwenye korido, akamwongoza taratibu mpaka dirishani. "Mzee wangu, sikiliza. Usiponitilia sahihi, nitampa kazi hiyo mtu wa tawi la kusini. Yule anatia sahihi hata kwenye orodha ya chakula. Na barua yako basi tena, siwezi kuitetea. Unataka kustaafu ukiwa Mhakiki kwa sababu ya kilima?"

Verner alirudi nyumbani na swali hilo. Mkewe, Ingegerd, alikuwa anakaanga samaki, akamsikiliza bila kugeuka.

"Wewe unakitaka hicho cheo," alisema.

"Nakitaka."

"Usinidanganye kwamba hukitaki."

"Nimesema nakitaka, mke wangu! Nimekitaka tangu hujapata mvi."

"Basi tia sahihi, halafu andika ukweli. Karatasi ina nafasi, au haina?"

Karatasi ilikuwa na nafasi. Kesho yake, chini ya hesabu, Verner aliandika kwa mwandiko wake wa shule ya jioni, ulionyooka kama uzio: "Hesabu hizi ni sahihi kwa nchi ambayo ndani yake Korpberget, yenye kimo cha mita arobaini na sita, imeondolewa." Akatia sahihi. Göte akatazama kama sahihi ipo, akaona ipo, akaifunga bahasha. Wizarani wakatazama kama bahasha imefika, wakaona imefika, wakaiweka kabatini.

Jaribio lilifanyika Alhamisi ya pili ya Septemba, saa nne asubuhi, anga jeupe. Maofisa kumi na wanne walikaa kwenye viti vya kukunja wakiwa na darubini. Göte alikuwa na suti mpya. Mzinga ulinguruma, kombora likapanda, likafungua mabawa yake madogo, na wale wote waliokuwa na wasiwasi walisahau wasiwasi wao, maana lilikuwa zuri kwelikweli. Liliinama kwa adabu. Liliteleza chini chini juu ya misonobari, limenyooka kama mtu anayejua anakokwenda. Kisha likaingia Korpberget.

Yaani lilitaka kuingia. Mlima ulikataa.

Moshi ulipotawanyika, msonobari mmoja ulikuwa umelala. Jenerali mmoja mwenye masharubu alishusha darubini. "Kifaru kiko wapi?" aliuliza.

"Nyuma ya mlima, Jenerali," alisema msaidizi wake.

"Basi wamelenga mlima?"

Göte hakusita hata nukta. "Jenerali ameona mwenyewe lilivyonyooka," alisema. "Tungekuwa tumelenga mlima, hapo ni katikati kabisa."

Verner alikuwa amesimama nyuma pamoja na madereva. Hakucheka. Mtu aliyeirudia hesabu kwa mkono hafurahii kuiona ikitimia hivyo. Alijisikia kama aliyelipiga kombora teke yeye mwenyewe.

Kikaja kipindi cha kutafuta aliyekosea. Kwanza walimtafuta Staffan, akaonyesha fomu zake tisa, zote zimegongwa mhuri "Inashughulikiwa". Wakamgeukia Verner, maana sahihi ilikuwa yake. Ndipo kwa mara ya kwanza mtu kiwandani pale aliposoma mstari wa chini, kwenye nakala iliyobaki. Göte aliusoma akiwa amesimama, kisha akakaa.

Lakini Sixten aliusoma kwa macho mengine. Alimwita Verner ofisini, akafunga mlango, akawasha taa ya mezani ingawa jua lilikuwa linawaka.

"Hii ripoti ilipita kwa posta ya kawaida," alisema. "Na humu umeandika jina la mlima na kimo chake. Unajua maana yake?"

"Maana yake ni kwamba niliwaonya."

"Maana yake umevujisha siri ya jeshi."

"Sixten. Kombora limeupiga mbele ya watu sitini. Lilisikika mpaka kanisani. Sasa hivi nani hajui kwamba pale pana mlima?"

"Kujua ni kitu kingine, kuandika ni kitu kingine. Wewe uliandika kabla haujapigwa." Sixten alisogeza karatasi. "Samahani, ndugu yangu. Mimi binafsi nakuheshimu, na Oktoba tutakuwa pamoja kwenye kituo kilekile cha kuwindia. Lakini ripoti yako nimeigonga mhuri wa siri, na wewe huna kibali cha kusoma siri. Ukiwa na nakala nyumbani, irudishe."

"Nirudishe maneno niliyoandika mwenyewe?"

"Bila kuyasoma, ikiwezekana."

Wiki iliyofuata barua ya Göte ilifika, ya aya mbili. Kwa kuzingatia tukio la usalama, pendekezo la kumpandisha Verner Hultqvist kuwa Mhandisi limeondolewa. Idara inathamini miaka yake mingi. Verner aliikunja mara nne akaitia mfukoni, akaenda kula supu ya njegere kama Alhamisi nyingine yoyote. Hakuimaliza. Waliokaa meza ile walizungumzia hali ya hewa kwa juhudi kubwa.

Kumbe wizarani nako walikuwa wameifungua bahasha. Waliisoma baada ya mlipuko, kama ilivyo desturi ya wizara. Jenerali mwenye masharubu aliusoma mstari wa chini kwa sauti, mara mbili, kisha akaandika kwa mkono wake, wala hakumwachia katibu. Kazi ya kombora itaendelea kwa masharti mawili: programu ihesabiwe upya, na ripoti mpya ihakikiwe na yule yule aliyeuona mlima, ambaye, aliandika Jenerali, "bila shaka ni mhandisi wenu bora."

Göte alikuja na barua hiyo mwenyewe. Alibisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Verner, habari za asubuhi. Mkeo hajambo?"

"Hajambo."

"Staffan ameanza programu mpya. Wizara inataka sahihi yako."

"Wanataka sahihi ya mhandisi wenu bora," alisema Verner, aliyekuwa ameisoma barua kinyumenyume mkononi mwa Göte. "Mimi ni Mhakiki. Nina barua ya aya mbili inayosema hivyo. Unataka nikusomee? Hii si ya siri."

"Usinifanyie hivyo, bwana."

"Nikufanyie nini? Nawahifadhia taratibu zenu. Sixten atafurahi."

Göte alikaa kwenye kiti cha wageni, kiti ambacho mguu mmoja ulikuwa mfupi. "Nikikuandikia leo?"

"Iandike leo, nitaisoma leo. Ukiniahidi leo, nitakula keki nyingine."

Barua iliandikwa kabla ya chakula cha mchana. Verner aliisoma neno kwa neno, akatafuta maneno "kwa muda" popote, asiyapate. Kwenye neno Mhandisi alikaa kidogo. Alidhani angefurahi zaidi. Alifurahi, lakini kama mtu aliyerudishiwa mwavuli wake mwenyewe.

"Vizuri," alisema. "Sasa Mhandisi anaomba vimo vya uwanja. Vyote. Sihakiki nisichokiona."

"Viko kwenye sanduku la chuma la Sixten. Kamati bado..."

"Basi mwambie Jenerali kwamba mhandisi wenu bora anasubiri kamati."

Kamati iliyolala miaka miwili na ushee iliamka ikamaliza kazi kwa siku tatu. Siku ya nne Sixten aliingia na mkoba uliofungwa kwa mnyororo kwenye mkono wake, shingo nyekundu kuliko kawaida. Aliufungua, akatoa ramani ya siri, akaitandaza juu ya meza. Staffan na Verner wakainama. Ilikuwa ileile ya chama cha wawindaji, chapa ileile, ila haikuwa na pini. Kwenye pembe ya chini kilikuwa bado kimeganda kibandiko cha bei cha duka la vitabu la mjini.

"Msiseme neno," alisema Sixten.

Hawakusema. Staffan alitoka nje ya chumba kwa haraka, na kwenye korido alisikika mtu anayekohoa kwa namna isiyo ya ugonjwa.

Safari hii ardhi ilikuwa na milima, mabonde na mawe yake. Kombora lilirushwa tena ndani ya kompyuta, na ndani ya kompyuta likaanza kufanya yale ambayo makombora hufanya duniani. Liligonga miamba. Lilipoteza kifaru nyuma ya vichaka. Likiinuka kuukwepa mlima, lilichelewa kuinama upande wa pili. Staffan alifanya kazi wiki sita, akabadilisha mabawa, akabadilisha pembe ya kushuka, akasahau kula, sweta likamning'inia. Verner alirudia kila safu kwa penseli. Mwisho wa wiki ya sita kombora lilikuwa linakipiga kifaru mara thelathini na moja katika mia.

"Ni kweli?" aliuliza Verner.

"Ni kweli," alisema Staffan. Alikuwa amechoka, lakini kwa mara ya kwanza hakuona haya.

Göte aliona namba hiyo akashika kingo za meza. "Thelathini na moja! Verner, tulikuwa na mia kwa mia!"

"Bila mlima."

"Wizara itatucheka. Huwezi kuandika... 'karibu nusu'?"

"Sivyo ilivyo."

"'Zaidi ya robo', basi. Hiyo ni kweli, sivyo? Zaidi ya robo!"

"Zaidi ya sifuri pia ni kweli."

Göte aliitazama ile sura pana iliyokaa mbele yake, akatafuta kitu cha kuahidi au kunyima, akagundua kwamba vyote viwili alikwisha kuvitumia. Verner alifungua kalamu. Aliandika namba kwa tarakimu, kisha kwa maneno, ili asiwepo wa kuigeuza. Alitia sahihi. Chini yake aliandika cheo chake polepole, herufi moja baada ya nyingine, naye Göte akingoja amesimama. Kisha akapulizia wino ukauke, akamsukumia karatasi.

"Ipeleke sasa hivi," alisema. "Posta wanafunga saa kumi na moja."